Wasichana kuanguka shuleni hapa Tanga: kabla hamjaukata mbuyu, tusikilizane kwanza

#1 MwalimuWaZamu

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata, pembeni kidogo ya jiji la Tanga, upande wa barabara ya Pangani. Jina la shule naliweka kapuni, na atakayeitambua naomba naye aliache huko huko. Nimekabidhiwa malezi na ushauri. Maana yake kila mtoto anayelia, anayezimia, anayetapika na anayetoroka analetwa mezani kwangu, na vipindi vyangu vya Kiswahili viko pale pale, hakuna aliyenipunguzia.

Jumamosi tuna kikao cha wazazi, ajenda ni moja: wasichana wanaanguka. Kamati imeshakuja na mapendekezo. Kila mzazi atoe elfu tatu aletwe mtaalamu kutoka ng'ambo ya Mto Pangani alizindike eneo, na ule mbuyu wa nyuma ya madarasa ya kidato cha pili ukatwe.

Kwa ambao hamjawahi kuona, inakwenda hivi. Saa saba inakaribia, jua limekaa juu ya bati, darasa limejaa. Binti mmoja anainamisha kichwa mezani. Anaanza kuhema haraka haraka, pumzi za juu juu. Vidole vinakakamaa na kujikunja, kidole gumba kimezama kiganjani, ukijaribu kuvikunjua huwezi. Kisha ukelele. Anayekaa naye anamshika, anaviona vile vidole, naye anaanza. Muda si mrefu veranda imejaa mabinti wamelala. Wavulana wako madirishani wanarekodi (kwa simu za nani, na simu marufuku, mtaniambia nyie). Mwalimu mmoja anasoma dua kwa sauti, mwingine anakemea kwa jina la Yesu, bodaboda wanaingia mpaka uwanjani, na mama fulani kaja na chetezo kinafuka ubani. Hapo hata aliyekuwa mzima anaanguka.

Tangu yaanze naandika daftari. Kila aliyeanguka: kidato, saa, amekula nini, amelala saa ngapi, anaishi na nani, yuko kwenye siku zake au la. Ukilisoma lile daftari kwa utulivu, linaongea.

Asubuhi karibu hakuna anayeanguka. Ni kuanzia saa sita kwenda mbele. Yakianza, yanaanzia kwa marafiki wanaokaa pamoja, hayarukii mtu asiyemjua mwenzake. Yanazidi wiki za majaribio na mock. Likizo, kimya. Sasa niambieni, majini gani haya yanayofuata ratiba ya NECTA, Baraza la Mitihani?

Kwenye safu ya chakula jibu linajirudia: chai ya rangi na kipande cha muhogo, chai ya rangi, sijala. Wengine wanatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kiza bado kizito, na kurudi ni saa kumi jioni. Kwenye safu ya usingizi nako mtihani. Mtaani kwao kukiwa na harusi, ngoma ya kigodoro au baikoko inapigwa mpaka alfajiri, na nyumba za makuti hazizuii spika.

Kuna jambo sikulitegemea, la maji. Nilikuwa nawasisitiza wanywe, hawanywi. Mmoja ndiye aliyenijibu bila kuzunguka: "Madam, nikinywa nitaenda wapi?" Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Sisi hapo hatujafika hata nusu ya njia, na tundu la mwisho upande wa wasichana halina mlango, tumetundika khanga. Kwa hiyo mtoto anakaa na kiu kutwa nzima kwenye joto hili la pwani ili asije akabanwa. Aliye kwenye siku zake ndiyo kabisa, bora asije shule.

Na yuko mmoja ambaye alikuwa wa kwanza kila mara. Yake siyaandiki hapa. Yako kwa ustawi wa jamii, na tangu aondolewe alipokuwa akiishi hajaanguka tena.

Tulichobadilisha mpaka sasa ni kidogo. Akianguka mtu, wengine wanatolewa, sio yeye. Anapelekwa stoo ya vitabu, tumeisafisha na kutandika mkeka, anakaa na mwalimu wa kike mmoja. Hakuna kupiga kelele, hakuna dua ya hadhara, hakuna bodaboda. Mstarini tumekata hotuba za kusimama juani. Yamepungua. Hayajaisha.

Mimi nataka ile elfu tatu iende kwenye uji wa saa nne na milango ya vyoo. Shida yangu ni Jumamosi. Nasimamaje mbele ya wazazi wanaoamini kwa dhati kabisa kwamba ni majini, niseme haya bila kuonekana namdharau mtu na dini yake? Naombeni mawazo, wenye uzoefu hasa.

#2 WajaLeo

Mwalimu umepangiwa Tanga halafu unataka kubishana na majini? Wenzako walishafanya hivyo, wakaomba uhamisho wenyewe 😂

Utani pembeni, hapo kwenye likizo umenishika.

#3 Komredi_Duga

Hawa watoto wanajidai tu. Sisi tulisoma na njaa, tulitembea peku, hakuna aliyeanguka. Chukua fimbo, wa kwanza apigwe mbele ya wenzake, uone kama wa pili ataanguka. Malezi ya siku hizi yamekuwa ya kubembelezana mno.

#4 MwalimuWaZamu

Komredi, kanuni za viboko shuleni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au aliyempa idhini, na viandikwe kitabuni. Kwenye kitabu hicho niandike kosa gani? "Amehema"?

Halafu fimbo ilishajaribiwa hapa kabla sijapewa malezi. Siku ile ndiyo walianguka wengi kuliko siku zote.

#5 NesiMstaafuMtarajiwa

Habari zenu. Niko zahanati, wilaya jirani, tunaletewa hawa mabinti kwenye mikokoteni na bodaboda, wakifuatwa na kijiji kizima. Mwalimu ameeleza vizuri sana, mimi niongeze upande wa kwetu.

Ile kukakamaa vidole si maigizo, Komredi. Mtu akihema haraka kwa muda, anaitoa hewa ya kaboni kupita kiasi, hali ya damu inabadilika. Anahisi ganzi mdomoni na kwenye ncha za vidole, kizunguzungu, kifua kinabana, halafu mikono inajikunja yenyewe. Wewe ukihema hivyo hapo ulipo kwa dakika kadhaa itakupata, na hutakuwa na jini. Binti akiona mikono yake haimtii anaogopa, akiogopa anahema zaidi. Kinachomtoa hapo ni sauti ya mtu mmoja mtulivu: vuta taratibu, toa pole pole, ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta. Vidole vinafunguka. Zile habari za kumfunika mfuko usoni acheni, huyo anaweza kuwa na pumu mkamuua.

Lakini mwalimu, usije ukafika mahali kila anayeanguka ukasema ni hofu. Kifafa nacho kipo. Cha kifafa mwili unarusha kwa mpigo, mara nyingi macho yako wazi, anaweza kujing'ata ulimi au kujikojolea, kikiisha anabaki amechanganyikiwa au analala fofofo. Kwa kawaida ni dakika mbili tatu. Wa hofu mara nyingi anafumba macho kwa nguvu, ukimfungua anakaza, na inaweza kuchukua nusu saa. Wa kifafa mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, msimtie kijiko mdomoni, na ikivuka dakika tano ni hospitali bila mjadala. Mwenye homa aje apimwe malaria, kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika 20. Huku kwetu Muheza, Korogwe, Mkinga, malaria haijawahi kuwa mgeni.

Na mkunjue kope la chini. Likiwa jeupe huyo ana upungufu wa damu. Safura (minyoo inayonyonya damu) ipo huku, kichocho kipo, hedhi inapunguza damu kila mwezi, halafu mlo wenyewe ni muhogo na chai ya rangi, na hiyo chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Binti wa hivyo akisimama juani saa nzima anaanguka bila msaada wa mtu wala jini.

#6 Mhaya_wa_Pwani

Mnaosema haya ni mambo ya Tanga, ngoja niwape ya kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, nchi ina wiki chache tu tangu uhuru, kwenye shule ya misheni ya wasichana Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka. Wakashindwa kunyamaza. Mwingine akicheka, mwingine akilia, mpaka wakafika 95 kati ya wanafunzi 159. Shule ikafungwa Machi 18. Wakarudishwa Mei, ikaanza tena, ikafungwa tena Juni. Waliporudi makwao wakayapeleka mpaka kijiji cha Nshamba, watu zaidi ya 200 wakapatwa.

Madaktari walipima damu, wakaangalia na chakula, hawakukuta sumu wala mdudu. Na sikilizeni hili: hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Wote wanakaa eneo moja, wanakunywa maji yale yale, lakini inawapata watoto wa bweni, walio chini ya sheria kali, wasio na pa kusemea.

Kule kwetu nako walisema mengi, wengine upepo wa mabomu ya wazungu. Hakuna aliyekata mti.

#7 Komredi_Duga

Hapo kwa walimu kutopatwa... sawa. Naendelea kusoma.

#8 Bintisalama

Sijawahi kuchangia humu, huwa nasoma tu.

Mimi nilikuwa mmoja wao, shule nyingine, miaka ya nyuma. Nilipangishiwa chumba na wenzangu wawili kwa sababu nyumbani ni mbali. Geto, kama tunavyoita. Unga ukiisha Jumatano tunasubiri Ijumaa twende kwetu. Mama alikuwa anaumwa, hakuna aliyekuwa ananiambia anaumwa nini. Kulikuwa na kaka mwenye duka aliyekuwa akitukopesha, na kila mtu anajua deni la namna ile huwa linalipwaje. Mimi sikutaka kulilipa.

Ile siku nilikuwa nafanya mtihani wa Hesabu. Nakumbuka moyo kwenda mbio, nakumbuka mikono. Baada ya hapo nakumbuka watu wamenizunguka. Sikujidai. Na sikusikia jini yeyote akizungumza, ingawa waliokuwepo walisema niliongea Kiarabu. Kiarabu ninachokijua ni cha madrasa, na labda kweli nilisoma, kwa woga.

Walinipeleka kupungwa majini. Siku tatu za ngoma, mama anaumwa, mbuzi kauzwa. Kitu kimoja niseme kwa haki: yule bibi wa kupunga alikuwa mtu wa kwanza kuniketisha chini na kuniuliza, mwanangu una nini. Nikalia nikamwambia yote. Nilipona. Mwenye macho ataona ni kipi kiliniponya.

Mwalimu, usiwatukane waganga hapo Jumamosi. Waambie tu na wewe utakuwa unauliza.

#9 MwalimuWaZamu

Dada, asante. Nakuomba nilitumie hili, bila kukutaja.

#10 Bintisalama

Litumie. Na watoto wako wape namba 116, ni simu ya huduma kwa mtoto, bure. Wakati wetu tusingejua pa kupiga hata tungekuwa na simu.

#11 Ustadhi_Ngamiani

Assalaam alaykum. Nafundisha madrasa hapa Ngamiani.

Majini yapo, Qur'ani imeyataja, na anayetaka nikane hilo tutakosana. Lakini kuyakubali majini si kusema kila anayeanguka ana jini. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Binti hajala tangu jana usiku, mimi nikimwandikia kombe, yaani aya kwa zafarani kwenye sahani zioshwe anywe, nimemnywesha maji ya sahani. Mpe uji kwanza. Akishiba na bado hali ni ile, akapimwa na nesi hana kitu, wazazi wake waje naye nyumbani kwangu, asomewe kwa stara, mlango umefungwa, mama yake amekaa pembeni. Hii ya kumsomea mtoto wa kike uwanjani, mtandio umemtoka, wavulana wanarekodi, ni fedheha, na mwenye kufanya hivyo ataulizwa.

Mwalimu, tafuta shehe wa msikiti wa hapo na mchungaji, zungumza nao kabla ya Jumamosi, sio siku hiyo. Wakisimama wao kusema "dua nyumbani, shuleni utulivu", wewe utapumzika. Ukisema wewe mwenyewe, utaambiwa umeletwa na serikali.

#12 BabuMkwakwani

Wajukuu, mimi nazungumzia mbuyu tu, hayo mengine mmeyamaliza.

Nani kawaambia ukikata mbuyu yanaondoka? Wazee wetu mbuyu hawakuukata hata walipojenga. Wenye kuamini kuna kitu pale, wajiulize: ukikiondolea nyumba yake kinakwenda wapi? Si kitaingia darasani? Na asiyeamini, anakata kivuli cha nini? Kwa vyovyote mti unabaki.

#13 WajaLeo

😂😂😂 Babu kamaliza kesi. Mwalimu andika hiyo kwenye muhtasari wa kikao.

#14 MwalimuWaZamu

Babu shikamoo. Hiyo naibeba kama ilivyo. Na ni kweli hawa watoto wanakulia chini ya ule mbuyu, hatuna bwalo.

#15 MamaWawili_Mwanzange

Na mimi niseme kama mzazi, maana mnatusema kama vile hatumo humu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, si shule hiyo, lakini yanafanana. Tangu Januari 2016 tumeambiwa elimu bila ada. Leo mchango wa uji, kesho mchango wa mlinzi, keshokutwa karatasi za mtihani. Mganga ukimlipa unamlipa mara moja, yameisha. Uji ni kila mwezi. Na fedha za uji zilizopita pale kwetu hatukusomewa hesabu mpaka leo. Ndiyo maana watu wanaona bora mganga, angalau yeye unamwona akifanya kazi yake.

#16 MwalimuWaZamu

Mama, umesema kweli tupu na sina jibu la kukupaka mafuta.

Kilichoondolewa ni ada. Chakula cha mtoto wa kutwa kilibaki kwa mzazi, na mwongozo wa chakula na lishe shuleni wa 2021 umejengwa juu ya hilo: wazazi wakae, wakubaliane wenyewe kiasi na utaratibu. Asiyeweza, mtoto wake asirudishwe nyumbani. Sio lazima iwe fedha pia. Huku kwetu msimu wa mahindi kuna wenye debe la mahindi lakini hawana elfu tatu. Kuni zipo, nazi ndiyo usiseme.

La hesabu, napendekeza hivi: fedha na unga visikae kwa mwalimu hata mmoja, mimi nikiwemo. Wazazi wachague kinamama watatu wao wenyewe, wapime unga, wapike, na hesabu ibandikwe ubaoni kila Ijumaa pale watu wanapopita, sio ofisini.

#17 MamaWawili_Mwanzange

Ukibandika ubaoni natoa. Na kinamama ndio wanaojua nani kaleta na nani hajaleta, hao hawadanganyiki.

#18 Komredi_Duga

Swali la nia njema kabisa. Mbona wavulana hawaanguki? Njaa si ni ile ile, choo ni kile kile?

#19 NesiMstaafuMtarajiwa

Choo si kile kile. Mvulana ana ukuta na mbuyu.

Kuhusu kuanguka, wavulana wapo, wachache. Wengi wao wanatokea mlango mwingine. Anapigana, anatoroka kwenda forodhani kubeba samaki, anavuta bangi, mnamwita mtukutu na mnamfukuza. Hana anayemwandikia daftari huyo. Mwalimu ukipata nafasi waangalie na hao, hasa waliokuwa wanafanya vizuri wakashuka ghafla. Wengine hata ubaoni hawaoni, wanafinya macho, wanakaa nyuma, wanaonekana wabishi. Kipimo ni ile karatasi ya herufi E, mita sita, mwalimu yeyote anafundishika kuitumia. Wakishindwa mstari, hao wapelekwe hospitali ya mkoa Bombo, kitengo cha macho.

Kuhusu Jumamosi: niko zamu ya usiku Ijumaa, lakini naweza kuja. Nitabeba mashine ya presha na nitawaonyesha wazazi kope, tuanze na za kwao wenyewe, wakinamama waangaliane. Akishaona jicho la jirani yake ni jeupe hatahitaji hotuba. Na nitamwomba Komredi aje mbele ahemeshwe, tuone vidole.

#20 Komredi_Duga

Nakuja. Ila nikianguka msinirekodi.

#21 MwalimuWaZamu

Nesi nakushukuru mno. Shehe nimeshazungumza naye leo baada ya alasiri, amekubali, amesema ataongea wa kwanza. Mchungaji namfuata kesho. Mwenyekiti wa kamati bado kanuna, anasema mtaalamu ameshapewa kishika uchumba, sasa nani atairudisha. Nimemwambia hilo alilete kwenye kikao, lijadiliwe mbele ya kinamama.

Kikao barua inasema saa tatu asubuhi. Nesi umetoka zamu, lala kidogo, ukifika saa nne na nusu utatukuta ndiyo tunapanga viti.